Mimi, Mrithi wa Lugha ya Nyota

Jumatatu, 10 Julai

Wasomi wameingia kijijini. Lori moja, kinasa sauti kizito kama ndama, wanafunzi wawili wenye miwani, na profesa wao, mama mmoja mpole aitwaye Raisa Lvovna. Wametoka Minsk, mji mkuu, kuja huku kwetu kwenye vinamasi vya Polesye kutafuta lugha. Nilidhani wamepotea njia. Lugha gani hapa, zaidi ya vyura?

Profesa alitueleza katika klabu ya kijiji. Zamani sana sisi Wabelarusi, Warusi, Wapoland, Wabulgaria na Waserbia tulikuwa na lugha moja. Mama huyo wa lugha zetu alikufa kabla ya mtu yeyote kuandika neno lake hata moja. Sasa wasomi wanamuunda upya kwa kutazama sura za watoto wake. Kila neno wanaloliunda wanalitangulizia kinyota, maana yake hakuna aliyewahi kulisikia. Huenda lugha hiyo ilisemwa hapahapa vinamasini. Kwa hiyo wanataka watu wenye maneno ya kale, na atakayewafaa kuliko wote atapanda lori hadi Minsk, akae chuoni mpaka msimu wa kuchimba viazi.

Minsk! Na mimi niko hapa na reki, nageuza nyasi za ushirika tangu nilipofukuzwa chuo cha matrekta. (Trekta liliingia mtoni lenyewe. Mimi nilikuwa juu yake tu.)

Nimewaza hivi: lugha ambayo hakuna aliyeisikia, nani atanisahihisha?

Jumanne, 11 Julai

Nimemwambia Raisa Lvovna, kwa sauti ya unyenyekevu, kwamba ukoo wetu umeitunza lugha ya nyota kwa siri. Akatoa kalamu. Akauliza maji tunayaitaje. Nikasema gurmubashta. Na maziwa? Hrondolukh. Na mama? Hapo nilijipiga kifua na kuguna. Nikamweleza kwamba kuguna ni sehemu ya neno.

Wanafunzi walilazimika kutoka nje. Raisa Lvovna hakucheka, ana adabu zake. Alinieleza tu kwamba maji watu wale wa kale waliyaita karibu vilevile tunavyoyaita leo. Maziwa hivyohivyo. Na mama alikuwa mama.

Nimesikitika sana. Lugha ya kale kiasi hicho, kumbe inaongea kama Bibi Khvedora, bibi yangu! Mtu unategemea walau ngurumo kidogo.

Astap, mtoto wa Mikita, brigadia anayesimamia kazi za ushirika, alikuwa dirishani. Sasa kijiji kizima kinaniita Gurmubashta.

Jumatano, 12 Julai

Mlango mwingine umefunguka. Profesa anatamani kusikia wanawake wa huku wakiita mvua. Mambo yenyewe ni haya: ukame ukizidi, wanawake huiba chungu cha supu ya bitiruti kwa jirani, kingali moto, wakakitupa kisimani na kulia kana kwamba kuna mtu amezama humo. Amesoma habari hiyo, hajaisikia kwa masikio yake.

Amezunguka nyumba zote. Wamekataa. Nyasi zimekatwa, zimelala shambani zinakauka, na ndizo chakula cha ng'ombe wetu majira yote ya theluji. Bibi amesema anayeita mvua nyasi zikiwa chini ama anaumwa ama ni adui.

Mimi siumwi. Mimi nimesoma. Mvua hutoka mawinguni, haitoki kwenye bitiruti. Na redio imesema ni jua tu wiki nzima.

Alhamisi, 13 Julai

Nimefanya! Chungu nimekichomoa katika jiko la brigadia Mikita mwenyewe, kikichemka. Kwa kuwa kazi hii ni ya wanawake, nilijifunga kitambaa cha Bibi. Nikakitupa, nikalia. Nililia vizuri mno, hata mimi nilijihurumia. Raisa Lvovna aliuliza kama akina mama wameafiki. Nikamwambia wao ndio walionituma.

Mbingu safi kama sahani iliyooshwa. Kiti cha lori nimekwisha kukikalia kwa mawazo. Nimechagua upande wa dirisha.

Baada ya chakula cha mchana kijiwingu kimetokea juu ya msitu. Ukubwa wa kofia. Hakinihusu.

Ijumaa, 14 Julai

Mvua.

Jumamosi, 15 Julai

Mvua. Brigadia Mikita amekuja. Ameanza na chungu, maana kilikuwa cha mama mkwe wake. Kisha nyasi. Alisema bila kupandisha sauti kwamba zikioza, ng'ombe watakula mapaa ya nyumba zetu. Ni afadhali angepiga kelele. Nimetumwa kukausha kisima kwa ndoo. Nchi nzima ina maji ya kumwaga, na mimi nachota mengine. Nyumba zote zimekunywa chai ya rangi ya waridi.

Redio nimeiandikia barua kali.

Jumapili, 16 Julai

Lori limekwama kwenye matope, kwa hiyo profesa alikuja kukaa kwetu kando ya jiko. Bibi alikuwa anakanda unga. Akanitazama, akaanza.

"Wewe kinda la kinamasi," alisema, "umelala kwenye nyasi hizo tangu utotoni, umekunywa maziwa yake, leo umeziozesha kwa sababu ya kiti!"

Akaendelea. Alinifananisha, kwa maneno ya kale, na vitu nisivyovijua, vya shambani na vya mashetani, na vingine nadhani vimekufa siku nyingi. Nilitazama sakafu. Nikasikia kinasa sauti kimeanza kuzunguka. Bibi akasita.

"Endelea, mama," alisema Raisa Lvovna, macho yanamng'aa. "Tafadhali usinyamaze."

"Ninyamaze? Hata kwa babu yake sijafika."

Mkate uliungua. Hakuna aliyejali.

Jumatatu, 17 Julai

Jua. Bibi ameondoka na lori kwenda Minsk, kwenye kiti cha mbele, upande wa dirisha, na mto wake na mtungi wa matango ya chumvi. Mimi nimeachiwa ng'ombe Zorka wa kukamua na nyasi za kijiji kizima za kuanua na kugeuza, zile ambazo hazijaoza. Nusu yake imepona. Astap alikuja kunitazama nikifanya kazi. Alileta na kigoda.

Lakini hawa watu hawana hesabu. Bibi alisema maneno hayo yote kwa sababu ya nani? Sauti ni yake, sawa, lakini anayetukanwa ni mimi. Bila mimi sayansi isingepata kitu.

Na profesa ameahidi kurudi vuli kutafuta sauti nyingine. Nimemfikiria Bibi Palahna, nyanya yake Astap upande wa baba. Wanasema ulimi wake ni mkali kuliko wa Bibi, ila hauonekani kwa sababu hakuna anayemchokoza. Ana vitunguu vizuri sana, vimepangwa mistari.

Kesho namwachilia Zorka ndani ya vitunguu hivyo, ili Bibi Palahna aanze mapema kuzoea kunitukana. Begi langu nimeshalifunga.