Jemadari Kidevu na Daraja la Macho Tu

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kamtia tena Kidevu langoni! Jemadari wangu, mpiganaji wa kwanza wa ufalme, anasimama pale kama bawabu. Jeshi kakabidhiwa Mwiko, ambaye ni mpishi. Mpishi!

Niandike vizuri, nisije nikaonekana nina wivu. Wifi, dada wa mume wangu, anakaa kwetu tangu alipopata kazi duka la dawa, huku akitafuta chumba. Alikuja na begi, godoro na gemu hii ya kujenga ufalme na kulea mashujaa. Akaiweka kwenye kompyuta yetu, hapa hapa kando ya cherehani yangu. Gemu tamu, ila aliyeitengeneza aliichoka njiani. Inahifadhi ufalme mmoja tu, inauhifadhi yenyewe, na hakuna kurudi nyuma. Askari hukwama ukutani wakabaki wanatembea papo hapo. Na daraja la mtoni lipo kwa macho tu: ukilikanyaga, unazama. Nimeshapoteza jeshi zima pale, na farasi wao.

Basi ufalme mmoja, malkia wawili. Mimi mchana, yeye jioni akitoka kazini. Ninachopanga, anapangua. Mimi sitaki makubwa. Namtaka Kidevu wangu, basi. Kila shujaa ana mioyo ya uaminifu. Ikimwishia, anaondoka asirudi tena.

Leo nimemtoa langoni, nikamkaripia kwa kukubali kushushwa cheo. Amebakiwa na moyo mmoja.

Jumanne, 4 Machi

Kidevu yuko langoni tena, lakini mioyo imeongezeka! Nilijua tu. Huyu dawa yake ni ukali. Nikamkaripia zaidi, nikampokonya na farasi.

Kisha mbinu. Nimeficha kipanya cha kompyuta ndani ya kopo la vifungo, tuone wifi atacheza na nini. Jioni mume wangu akaja na shati limekatika kifungo. Wifi, na huruma zake, akasema mimi nimeshinda kwenye cherehani, nipumzike, atamshonea yeye. Akafungua kopo. Akakitazama kipanya, akanitazama mimi. Nikasema hata mimi nashangaa. Mume wangu aliuliza tu kama kifungo kimepatikana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua. Wifi ahame.

Bahati ikaja yenyewe. Mteja wangu mmoja, mama mwenye nyumba ya kupangisha nyuma ya duka la dawa, amekuja kupunguziwa gauni. Akataja kwamba ana chumba kiko wazi. Nilimpima kiuno huku nikimuuliza kodi.

Jioni nikakisifu chumba hicho mpaka mate yakanikauka. Dirisha kubwa! Bomba uani! Kazini unafika kabla chai haijapoa! Wifi akanikumbatia, macho yamemlowa. Akasema hajawahi kupata mtu wa kumhangaikia namna hii. Roho ikanisuta kidogo. Nikala, ikatulia.

Kidevu leo ana mioyo yote. Ukali, jamani, ukali! Katika furaha hiyo nimeshona mfuko wa suruali ya dereva wa lori ukazibika kabisa. Alipokuja nikamwambia ndiyo mtindo mpya. Ameiacha nifumue.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi amehama. Kaka yake kambebea godoro. Pale mlangoni wifi akanivuta pembeni, akaniambia nisimtoe Kidevu langoni hata kidogo. Eti pale gemu ina kasoro, mishale inampitia bila kumgusa. Ndiyo maana kila jioni alikuwa anamrudisha. Na kila jioni alimpa kofia, kwa sababu shujaa wa gemu hii akipewa kofia husamehe lolote, hata ukiwa umemchomea nyumba. Alisema alinisikia nikiongea na Kidevu huku nashona, akaona nikimpoteza nitaumia. Mwisho akanisihi: darajani nisimpitishe.

Kumbe si ukali wangu. Kumbe kofia!

Nimelia, tena si kidogo. Suruali ya dereva wa lori imelowa. Mtu kanilindia jemadari wangu siku zote hizi, na mimi namtafutia chumba. Nyumba imepooza. Mume wangu ameuliza mbona mezani kuna sahani tatu. Nilikuwa nimemwekea na wifi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Mishale haimgusi. Mioyo imejaa. Kofia iko kichwani. Mtu wa namna hiyo anazamaje? Ng'ambo ya mto kuna ngome ya adui, na wifi angefurahi kukuta tumeiteka. Nikamtoa Kidevu langoni, nikamwelekeza darajani.

Alianza vizuri sana. Alitembea kifua mbele, hana wasiwasi. Alipofika katikati akainua upanga. Kilichobaki juu ya maji ni kofia.

Kidevu wangu! Na hakuna kurudi nyuma.

Nikampigia wifi simu, nikamwambia chumba kile nimesikia kina unyevu, arudi nyumbani. Akacheka. Chumba ni kikavu kabisa, akasema, ila ametukumbuka, na kesho jioni atakuja tucheze pamoja. Akauliza Kidevu hajambo. Nikasema hajambo, anakusalimu sana.

Wasiwasi wa nini? Kesho ni mbali. Kipanya nimeshakirudisha mafichoni, kwenye kopo la nyuzi safari hii, maana vifungo ndivyo vilivyoniponza. Ila nakitoa sasa hivi kidogo, kwa sababu kosa nimeligundua. Kofia moja haitoshi. Mwiko nimemvalisha mbili.

Ameshaanza kukanyaga daraja.