Gati Lisilo na Nondo

Mwezi wa nane, Idara ya Uimara wa Bandari ilitangaza kwa fahari kuwa zege lote la pwani ya kusini ya Korea sasa litapimwa kisayansi. Sayansi yenyewe ilikuwa kifaa cha sumaku. Kikilia, nondo zimo, kikinyamaza, hazimo. Kifaa hicho alikabidhiwa Mkaguzi Mkuu Pyo Gil-nam, aliyekagua magati miaka ishirini na mmoja bila kulowa viatu.

Katika kijiji cha wavunaji wa chaza, Pyo alikipitisha kifaa juu ya gati jipya, mwanzo hadi mwisho. Kimya. Akaandika kuwa gati halina nondo.

Bibi Ok Mal-sun, mwenyekiti wa ushirika, alimweleza kwa utaratibu kwamba nondo zimo, ila ni za nyuzi za kioo. Gati lao la kwanza lilikuwa na za chuma. Chumvi ilipenya, kutu ikavimba, zege likapasuka na kumwangusha mdogo wake, ambaye hadi leo anatembelea fimbo. Akamletea kipande cha nondo kilichobaki.

Pyo akakipima. Kimya.

"Hiki nacho hakipo," akasema kwa upole.

"Basi nirudishie, usije ukaondoka nacho."

Pyo akaamuru gati livunjwe baada ya siku kumi na nne. Akawashauri waige gati la Idara, ng'ambo ya ghuba, ambalo kifaa kililililia mpaka betri ikaisha. Michirizi ya kutu iliyolitapakaa, ripoti iliisifu kama ushahidi wa wazi kwamba chuma kimo.

Siku ya tisa kikaja kimbunga. Pyo na karani wake walikuwa ndani ya boti ya Idara, iliyofungwa kwenye gati la Idara, wakiokoa mafaili. Wimbi la tatu likalimega gati la mfano kama biskuti, na boti ikasukumwa hadi kijijini. Gati la wavunaji lilisimama vilevile. Mal-sun alikuwa juu yake, kamba mkononi.

"Tutupie kamba, bibi," Pyo akaomba.

"Mheshimiwa, gati hili si salama. Halina nondo."

"Zimo."

"Za nini?"

Wimbi likamlaza Pyo kifudifudi. Alipoinuka, kofia ya cheo ilishakwenda.

"Za nyuzi za kioo, mama yangu."

Mal-sun akataka iandikwe. Karani, mkono mmoja umekumbatia mlingoti, akaandika. Pyo akatia sahihi.

"Na muhuri?"

Mkaguzi Mkuu akapiga magoti ndani ya maji, akapapasa mfukoni, akaupata, akaugonga.

Hapo ndipo kamba ilipotupwa.