Gille Asiye na Ngoma

Jumatano, 14 Februari 1996
Mshtuko! Hénock, ninayekaa naye chumba kimoja hapa mtaa wa Flagey, amemwalika Mignonne kwenda mji wa Binche kutazama karnavali ya Mardi Gras, Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima. Mignonne wa kwaya yetu ya kanisa la Koekelberg! Ninamtazama tangu Noeli bila kupata neno la kumwambia! Hénock akaeleza, kwa ile sauti yake ya profesa wa Lubumbashi, kwamba kule wanaume wanaoitwa Gilles wanacheza barabarani na kugawa machungwa. Mignonne alikuwa bado anafikiri. Nikasikia mdomo wangu ukisema: mimi ni Gille. Nitacheza. Mignonne akapiga makofi, akasema basi atakuja. Hénock akauliza ni Gille tangu lini. Nikasema ni siri.

Ijumaa, 16 Februari
Nimemuuliza Madame Marie-Jeanne, jirani wa chini, mzaliwa wa Binche, muntu anakuwaje Gille. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Alors: Gille ni mwanamume wa Binche. Hachezi nje ya mji wake. Hatoki bila mpiga ngoma. Kofia yake ni ya manyoya ya mbuni. Na mgeni akijishonea vazi? Aibu kubwa, Monsieur Patient! Kaka yake mwenyewe ni Gille.
Bon. Nimeelewa. Ni wivu.

Jumamosi, 17 Februari
Galerie d'Ixelles, saluni ya Maman Kasoki. Nimemdanganya kwamba ni mchezo wa kanisa. Mungu anisamehe. Ameshona mèches nyeupe, zile za kusukia nywele, juu ya kifuniko cha taa. Kofia ndefu ajabu! Gille wa kweli hujazwa majani makavu kifuani na mgongoni. Mimi nitatumia mito. Mmoja ni wa Hénock. Hajui.

Jumanne, 20 Februari
Mungu wangu!
Kwenye treni kontrola alinitazama, akasahau kuomba tikiti. Binche, mvua. Mèches zikalowa, zikanishukia usoni. Nikatokea kwenye kichochoro, mbele ya Gilles wenyewe: manyoya juu, viatu vya mbao vinapiga mawe, ngoma mpaka kifuani. Mzee mmoja akaniuliza ngoma yangu iko wapi. Kabla sijajibu, chungwa likanipiga kwenye mto. Vita! Nikalirudisha kwa nguvu zote.
Barabara nzima ikavuta pumzi. Wamama wakashika midomo. Nani angeniambia? Chungwa la Gille ni zawadi ya heri, kulirudisha ni tusi! Na lilimfika nani? Kaka ya Madame Marie-Jeanne, puani! Madame mwenyewe akatokea katikati ya watu, akanivuta sikio mpaka jikoni kwa kaka yake, akanivua kofia, akanipa supu. Supu iliniumiza kuliko sikio.
Mignonne, aliyeona yote akiwa barabarani na Hénock, akaingia, peke yake. Hakucheka.
"Patient, unajua nilikubali kuja juu ya nini?"
Nikasema juu ya machungwa.
"Juu yako! Hénock anajua, nilimwambia. Ungekuja tu hivi, na uso yako, na ile koti yako ya kahawia."
Kijiko kikaanguka ndani ya supu.

Jumatano ya Majivu, 21 Februari
Baada ya misa, mshtuko mwingine, huu mtamu. Mignonne anataka tukutane Jumapili, soko la Flagey, tunywe kahawa, sisi wawili. Sharti moja: nije hivi tu, na uso wangu.
Nilirudi nyumbani nikiimba. Kisha Hénock, kwa kuniudhi, akasoma gazetini kwa sauti: huko Stavelot, katikati ya Kwaresima, wanaume wanatembea na makanzu meupe na pua ndefu nyekundu, na hakuna anayewatambua. Hakuna anayewatambua! Nani atauliza ngoma?
Kanzu: shuka. Pua: karoti ni fupi, nimeng'oa mguu wa kiti na kuupaka rangi. Jumapili nitaijaribu kwanza pale Flagey. Mignonne anataka uso wangu, lakini uso huu si ameshauona?