Upepo wa Hospitali Hautoshi

Jumatatu, 3 Machi
Wiki sita tangu rimu ya gari iniangukie kichwani, na kichwa bado kinagonga. Juzi nilisahau kukaza nati za gurudumu la mteja. Nati nne tu! Bosi kasema Ijumaa atachagua msimamizi wa gereji: mimi au shemeji. Shemeji! Kaka wa mke wangu, niliyemfundisha mwenyewe kushika spana. Na rimu nani aliiweka juu ya rafu? Yeye. (Kwamba niliivuta mimi, nikichungulia chakula chake, si hoja.)

Jumanne, 4 Machi
Hospitalini wana chumba cha chuma, kama tangi la maji. Unalazwa ndani, unafungiwa, unavuta oksijeni chini ya shinikizo. Daktari kasema bado wanachunguza kama kinawafaa wenye jeraha dogo kama langu. Hakuahidi kitu. Nikatia chumvi: nasahau hata jina la mke wangu. Nimepokewa! Mke alikuwa nyuma yangu. Amenuna mpaka sasa.

Jumatano, 5 Machi
Kipindi cha kwanza. Masikio yaliziba, nikameza mate, yakazibuka. Nikamuuliza nesi wamenijaza upepo kiasi gani. Eti mara mbili ya hewa ya kawaida. Dharau gani hii! Tairi la pikipiki nalijaza zaidi ya hapo. Wananipunja, mimi mtu wa upepo miaka kumi na tisa!

Alhamisi, 6 Machi
Nesi anakataza kiberiti, simu, mafuta, grisi. Penye oksijeni nyingi moto haukawii. Sawa. Lakini geji yangu ya kupimia upepo si kiberiti. Nikaificha kwenye soksi. Akanipapasa, ikatoka na grisi yake yote. Nimefukuzwa kama mwizi! Kasema angezubaa, mke wangu angekabidhiwa majivu. Maneno gani hayo kwa mgonjwa?

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kamchagua shemeji. Eti mtu wa kuingiza grisi kwenye oksijeni hawezi kukabidhiwa gereji. Nani kamwambia? Mke kamwambia kaka yake. Kikulacho ki nguoni mwako! Amri ya kwanza ya shemeji: kukagua nati zangu. Kumi na sita. Tatu zililegea, na ningeapa nimezikaza. Nikajifungia chooni. Naogopa. Sina kichwa kingine.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kaja nyumbani. Amemwangukia daktari, nimerudishwa kwenye oksijeni, naanza Jumatatu. Atanikagua soksi mwenyewe mlangoni. Mke kalia kwa furaha. Mimi nimeshukuru kwa unyenyekevu.
Soksi tu, lakini. Geji inakaa vizuri kwapani, nimeijaribu. Nimeipaka grisi mpya isikwame.