Kiboko wa Gogo

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wa njia za watalii katangaza: vituo viwili vya kutazamia bonde ni vingi, kimoja kifungwe. Anakuja Alhamisi kuamua. Ama changu juu ya jabali, ama cha shemeji kule chini kwenye maporomoko. Shemeji kacheka. Ana haki! Maporomoko hayaogopi watu wala hayahami. Mimi nategemea wanyama, na mwezi huu wageni wangu wameona kima watatu na mgongo wa kitu. Miaka tisa niko hapa, na bado kila asubuhi ukungu ukiinuka mtoni nasahau kumeza chai. Hawakifungi. Akili ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu: chumvi. Nimemwaga kilo mbili ukingoni, wanyama waje kulamba. Mvua papo hapo! Chumvi yote mtoni. Mke wangu kauliza nani kamaliza chumvi ya nyumbani. Nikamwambia amuulize kaka yake.
Jioni hondohondo wawili wamepita juu ya miti, mabawa yakivuma hadi kifuani mwangu. Nilivua kofia. Sijui kwa nini.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu bora: gogo. Nimelichonga masikio, nimelipaka tope na masizi, nimelifunga kamba katikati ya mto. Kutoka juu ni kiboko mtupu! Hata mimi nilishtuka. Shemeji kapita, kauliza kiboko gani huyo mwenye tawi la majani. Wivu tu.
(Nimeshuka tena kukata tawi.)

Alhamisi, 6 Machi
Msimamizi kafika, mama mmoja na darubini yake. Nikamwonyesha kiboko. Akatazama, akatazama. Akauliza mbona hatikisi hata sikio. Nikamweleza kwamba viboko wa hapa wana subira.
Mara, ng'ambo, majani yakaachana. Tembo! Mmoja, wanne, kumi na mmoja! Miili yote ile, na hakuna kijiti kilicholia. Na mama wa watu bado anamkodolea kiboko wangu! Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikakigeuza.
Wakubwa waliingia majini kwanza, wakajipanga upande wa mkondo ili ndama wasichukuliwe. Maji yakawafika masikioni. Kisha ikabaki mikonga tu juu ya maji, ikienda taratibu. Mungu wangu. Jike mzee akamnusa kiboko wangu, akamsukuma pembeni kama kiti kilichowekwa njiani. Kamba ikakatika. Kiboko akaenda na maji, tumbo juu.
Msimamizi alikuwa analia. Mimi pia nililia, ingawa sehemu moja ya machozi ilikuwa ya gogo.

Ijumaa, 7 Machi
Barua imefika. Kituo changu kinabaki! Cha maporomoko kinafungwa, na shemeji anahamia kwangu kunichunga. Sharti ni moja: nisiguse kitu chochote bondeni. Msimamizi kaandika kwamba tulichokiona jana hakipangwi na binadamu. Kweli kabisa. Nikifumba macho bado nawaona. Nimeisoma barua mara tatu, nimeikubali kwa moyo wote, sitagusa hata jani.
Nimechonga kibao tu, kwa kuwa jana walivuka saa nne. Nimekipigilia getini: TEMBO HUVUKA KILA SIKU SAA NNE KAMILI. ATAKAYECHELEWA ASITULAUMU.