Makofi ya Kilo Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 14 Julai

Ijumaa ni siku ya wazazi. Mama anakuja kutoka Bungoma! Atafunga cherehani yake siku nzima kwa ajili yangu. Kwa hiyo wiki hii lazima nipigiwe makofi ya kilo, na lazima nichaguliwe kugonga kengele mbele ya wazazi wote. Kengele yetu ni ringi ya lori inayoning'inia kwenye mkaratusi. Haigongwi na mtu hivi hivi. Madam Rosaline, mwalimu wetu wa Gredi ya Saba, humchagua aliyemfurahisha zaidi.

Makofi ya kilo ni haya: pa-pa-pa, pa-pa-pa, kisha moja kubwa la kufunga mzigo. Emmy, anayekaa mbele yangu, amepigiwa mengi kiasi kwamba angeweza kufungua duka la jumla. Mimi sijapata hata gramu.

Nilianza leo leo. Wakati wa mapumziko nilifuta ubao. Nikaufuta tena kwa kitambaa cha maji. Uling'aa! Madam akaingia, akasimama, akauliza utumbo uko wapi. Kumbe ule mchoro wa chaki za rangi ulikuwa mfumo wa chakula, kuanzia mdomoni mpaka mwisho wa safari, na ulikuwa wa kipindi kinachofuata. Emmy akasema, kwa sauti ya kanisani, kwamba ni mimi, Nakhungu.

Makofi hakuna.

Halafu Chelagat! Chelagat wa dawati la nyuma, anayeweza kulala akiwa amesimama gwaride. Leo alifika kabla ya kengele, mara ya kwanza muhula huu. Madam alifurahi, akaamuru kilo mbili. Mimi hufika mapema kiasi kwamba mlinzi hunitumia kama saa. Nani amewahi kumpigia saa makofi?

Jumanne, 15 Julai

Nimegundua siri. Madam hasifu mtu mzuri. Anasifu mtu anayepanda. Emmy yuko juu, kila mtu anamwona. Chelagat yuko chini, akiinua kidole tu anaonekana. Mimi niko katikati kama nyama ya sambusa. Dawa ni moja: nishuke kwanza, kisha Alhamisi nipande.

Tatizo: sijui kuwa mbaya. Senge Mary Ann, shangazi ninayeishi naye hapa Kitale, amenilea kwa uangalifu mno.

Nilimfuata Chelagat kwenye foleni ya nyoyo, mahindi na maharagwe yetu ya mchana, nikamwomba anifundishe utundu. Alicheka mpaka mahindi yakamwagika. Akaniuliza, ati mtu huenda shule kusomea hiyo? Lakini alikubali, kwa sharti kwamba nimfundishe sehemu, zile za nusu na robo, kwa sababu mtihani wa hesabu wa Alhamisi unamnyima usingizi wa darasani. Tukapeana mkono.

Somo la kwanza la utundu: kelele. Katikati ya kipindi nilipiga dawati kwa kiganja. Paa! Darasa zima likageuka. Madam akanishukuru kwa kuua nyigu, akaniomba nifungue dirisha wasiingie wengine.

Somo la kwanza la sehemu, nyuma ya jikoni: nilimpangia Chelagat maharagwe kumi na mawili, nikamuuliza theluthi ni ngapi. Akala matatu. Nikamwambia hiyo ni robo, na ajibu kabla ya kula. Nikapanga upya.

Jumatano, 16 Julai

Somo la pili la utundu: kuchelewa. Baada ya chakula cha mchana nilijificha jikoni. Mpishi alidhani nimetumwa kumsaidia, akanipa gunia la maharagwe nichambue mawe. Niliporudi darasani nimechelewa kabisa, mpishi alikuwa ametangulia kumweleza Madam kwamba nina mikono mizuri. Kuwa mbaya ni kazi ngumu. Sijui Chelagat anawezaje kila siku.

Kisha balaa. Emmy alitusikia tukizungumzia mpango wangu nyuma ya jikoni, akamwambia Mukhisa wa darasa letu, Mukhisa akawaambia wote. Ilipofika saa nane mchana darasa zima lilikuwa linashuka ili lipande. Mukhisa alipiga mbinja. Wengine walikaa wameupa ubao mgongo. Emmy, Emmy mwenyewe, alipandisha miguu kwenye dawati, soksi nyeupe pe!

Madam aliingia, akatazama zile soksi muda mrefu. Akauliza kama leo tumewekewa kitu kwenye nyoyo.

Mukhisa hakuweza kungoja. Akainua mkono, akaarifu kwamba yeye ameacha kupiga mbinja, kwa hiyo anaomba kilo yake. Hapo kila mtu akaanza kuacha. Ati mimi pia nimegeuka, Madam! Na mimi, si unaniona! Emmy alishusha mguu mmoja, akangoja aone kama utalipa kabla ya kushusha wa pili.

Madam aliketi. Nilidhani analia, lakini alikuwa anacheka ndani ya daftari la mahudhurio. Alipomaliza alitangaza kwamba makofi yamefungwa. Kuanzia sasa atamwambia kila mtu kwa maneno alichofanya vizuri na kilichobaki. Emmy aliuliza kama maneno hayo angalau yatasemwa kwa sauti kubwa. Akaambiwa hapana.

Kengele hata hivyo bado ipo. Sijakata tamaa.

Mvua ilinyesha jioni. Chelagat alipata theluthi, robo na sudusi ya maharagwe, akala yote kwa haki.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango mpya: nianguke mtihani wa asubuhi, nifufuke katika hesabu za mdomo mchana. Mwanafunzi aliyefufuka siku moja, nani atamnyima kengele?

Niliandika majibu ya makosa kwa mwandiko mzuri. Iliniuma. Swali la nne nililipiga busu la kwaheri.

Chelagat amepata kumi na nne kwa ishirini! Mimi nimepata tano. Na hesabu za mdomo zikaahirishwa kwa sababu ya kupanga viti vya wazazi. Nimeanguka na sijafufuka.

Madam hakunigombeza. Aliandika chini ya karatasi yangu: "Swali la nne nilikusikia jana ukilieleza vizuri nyuma ya jikoni. Njoo uniambie kumetokea nini." Nikaenda, nikamwambia kichwa kinaniuma. Wakati huo kilikuwa kimeanza kuuma kweli.

Atakayegonga kengele kesho ni Chelagat.

Mama amepiga simu kumwuliza Senge kama avae lile gauni la kijani la harusi. Senge akamwambia avae. Nimeingia jikoni kukata sukuma wiki iliyokuwa imeshakatwa.

Ijumaa, 18 Julai

Mama alifika na gauni la kijani. Mvua ya njiani, pale Kamukuywa, ilikuwa imempata lakini haikuweza kitu. Aliketi mstari wa kwanza na Senge.

Chelagat aligonga ringi kama mtu anayelipiza kisasi. Wazee waliokuwa bado langoni walikuja mbio wakidhani chakula kimeiva. Mama aliuliza huyo shujaa ni nani. Nikasema ni mtu wa nyuma.

Kisha zamu yetu kwa Madam. Karatasi yangu ya tano kwa ishirini ilikuwa mezani. Mama aliitazama. Nilitazama sakafu. Kuna ufa mmoja sakafuni, naujua sasa kama ndugu.

Madam alisema alama hizo haziamini, nitarudia Jumatatu. Halafu akasema ana jambo lingine. Akamwambia Mama kwamba Chelagat alipokosea, mimi sikumpa jibu. Nilimpangia maharagwe upya, nikangoja. Nilimpangia tena. Akasema walimu wengi, yeye akiwemo, huchoka kabla ya hapo.

Mama alisogeza kiti karibu. Akamwomba Madam arudie hiyo sehemu ya kungoja. Madam akarudia. Mama akafuta macho kwa ncha ya leso, akasema mtoto huyu nyumbani hata chai kupoa hangoji.

Chelagat akaingilia kati bila kuitwa, akamsalimia Mama kwa mikono miwili. Akamwambia, "Mama Nakhungu, huyu msichana wako ni mkali, bana! Alininyima maharagwe mpaka nikajua theluthi!" Mama alicheka hadi watu wakageuka.

Nikangoja. Hakuna aliyepiga kofi. Hata moja!

Njia nzima hadi nyumbani Mama alimweleza Senge habari ya maharagwe, ingawa Senge alikuwa ameketi palepale kwa Madam akisikia yote. Nikamwuliza Mama kama aliona kwamba sikupigiwa makofi. Akaniuliza makofi ya nini, si tumesikia?

Maskini Mama. Hajui shule zinavyoendeshwa siku hizi.

Jumamosi, 19 Julai

Mama amerudi Bungoma asubuhi. Alinikumbatia mara mbili. Nimefikiri sana, na sasa naona kosa langu lilikuwa wapi.

Nilimfundishia Chelagat nyuma ya jikoni! Mahali gani hapo pa kufundishia? Jumatatu nitafundisha chini ya bendera, dakika chache kabla ya gwaride, mwalimu mkuu akiwa amesimama pale pale. Hata aliyefunga makofi atayafungua.

Shida ni moja tu: ninahitaji mtu asiyejua kitu, na Chelagat sasa anajua. Nilimtafuta Mukhisa, nikamkuta dukani kwa mama yake akipanga sabuni. Nilimuuliza kuhusu sehemu. Anajua nusu na robo, jambo la kusikitisha sana. Nikamwomba azisahau kabla ya Jumatatu.

Akauliza atapata nini. Nikamwahidi makofi.

Alifumba macho, akakunja uso. Akafumbua, akasema robo imeshatoka, bado nusu. Nilifurahi mno! Nikampigia kilo nzima palepale mbele ya wateja, na ameahidi kesho baada ya kanisa atasahau zaidi.