Rangi ya Fedha Chini ya Boneti

Jumapili, 8 Juni

Mama mkwe amepasuliwa macho. Kitambaa kinafunguliwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mke wangu aliipokea habari kama dua iliyojibiwa. Mimi niliona upande wa pili: Jumamosi kuna mtu atakayekuwa wa kwanza kuonekana. Mtu huyo ni mimi. Nitamchukua kliniki kwa gari langu.

Kizuizi ni kimoja tu. Mwanyumba, mume wa mdogo wake mke wangu. Mimi nimeoa mkubwa, mwaka wa kumi na tisa huu. Yeye ana miaka sita, hata harufu ya ugeni haijamtoka. Mama mkwe humwita "mwanangu". Mimi huniita "baba yao", kama anayeulizia mwenye mbuzi walioingia shambani.

Sina wivu. Naweka kumbukumbu.

Gari lake na langu ni pacha, zee kwa zee. Ila ukifungua boneti lake unadhani ni kabati la vyombo vya wageni. Mwezi uliopita nilimaliza ubishi huo. Nilifungua kila kinachofunguka, nikapaka rangi ya fedha kila kona, nikarudisha. Sasa langu linang'aa kuliko lake. Ila tangu hapo linawaka kwa kusuasua, na leo limegoma. Starta imeguna mara moja, kimya.

Betri hiyo. Betri ni kama viongozi: ikichoka haisemi, inakaa tu mahali pake.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeipeleka betri kwa fundi wa kuchaji wa kona ya barabara. Ameipima, akasema nzima kabisa. Nimemwuliza kasomea wapi. Akasema hapo hapo kwenye kiti. Sikuona haja ya kuendelea na mjadala.

Nimeirudisha garini. Starta imeguna mara mbili. Nimeshika waya mweusi, ule mnene unaotoka kwenye betri kwenda kufungwa kwenye bodi ya gari. Moto! Nimeruka nikagonga kichwa kwenye boneti.

Mke wangu, dirishani, akashauri nimpigie mwanyumba, maana yule anajua magari. Nikamjibu heri nilisukume gari kwa kifua hadi kliniki. Akasema siku hiyo nimwambie mapema, asipitwe.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya akili.

Mwanyumba na mkewe wamekuja kutusalimia. Kaja na kiti kidogo chenye mto, cha mama mkwe kukalia garini Jumamosi. Yaani kashajiteua. Mke wangu akasema jamani, huyu ana moyo. Mimi pia ninao, ila wangu haununuliwi dukani na mto wake.

Baada ya kula akalala kwenye kochi, mdomo wazi. Nikatoka na spana namba kumi. Dakika ishirini tu: betri yake kwangu, yangu kwake. Zinalingana umbo, zimetofautiana tabia tu. Nilitaka lake ndilo ligome, mbele ya mashahidi, kwenye geti langu.

Saa kumi akaaga. Akazungusha ufunguo. Gari likawaka kabla hajamaliza kuzungusha! Kwa betri yangu! Akapunga mkono, akaenda.

Nikakimbilia langu, lenye betri yake. Likaguna. Waya mweusi ukatoa moshi mwembamba.

Hata betri yangu inampenda yeye.

Jumatano, 11 Juni

Nimeacha kulaumu, nimeanza tiba. Waya ukiwa na joto, dawa ni baridi. Nimeuzungushia kitambaa cha maji, kama mtoto mwenye homa. Mke wangu akaja, akatazama, akaniuliza kama mgonjwa ameshakunywa uji.

Nimekaza kifungo cha waya mwekundu juu ya betri hadi spana ikateleza na kunichuna kidole. Bado. Nimenunua waya mwekundu mpya. Bado. Mweusi unachemka vilevile, mwekundu mpya umetulia kama shemasi.

Zimebaki siku mbili. Nimewaza Jumamosi: mama mkwe anafumbua macho, mbele yake mwanyumba na mto wake. Mimi nitafika saa saba, kwa miguu, "baba yao". Sikula.

Alhamisi, 12 Juni

Mke wangu amemleta fundi wa umeme wa magari bila kuniuliza. Mama wa makamo, miwani ya kamba, mtaani wanamwita Bibi Mita. Kabla ya kugusa gari akanishika mimi kwa maswali. Nimejaribu nini? Kidogo hiki na kile. Nimejaribu betri nyingine? Ndiyo, ya kuazima. Ya nani? Ya mwanyumba. Na yangu iko wapi? Nikakohoa. Bibi Mita akasema mgonjwa akimficha daktari, anayezikwa si daktari. Nikasema yote. Mke wangu akakaa kwenye ndoo.

Bibi Mita hakushangaa hata kidogo. Akasema basi kazi nusu nimeshaifanya bila kujua. Betri yangu imewasha gari la mtu, betri ya mtu haikuwasha langu. Betri hazina kosa, kosa ni njia.

Akaniambia nizungushe ufunguo sekunde tano, yeye akipapasa maungio moja baada ya jingine. Waya mwekundu, baridi. Mweusi juu ya betri, vuguvugu. Mweusi pale unapofungwa kwenye bodi, akaondoa mkono haraka. Palipo na joto ndipo umeme unapobanwa, akasema. Kwa uhakika akatoa mita yake: ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi, nami nikazungusha tena. Ilipaswa isome karibu na sifuri. Ikasoma volti tatu.

Akafungua bolti. Pete ya waya imeungua, nyeusi. Chini yake, laini, inang'aa, rangi ya fedha.

Akauliza nani kapaka hapa. Mke wangu akaninyooshea kidole.

Akaeleza kwamba umeme haupiti kwenye rangi. Ulikuwa unajipenyeza kwenye nyuzi za bolti tu, kama watu mia kwenye mlango mmoja. Akapiga msasa hadi chuma kikawa cheupe, akasafisha pete, akafunga, akapaka grisi kidogo kwa nje. Gari likawaka papo hapo. Akaniambia mara mbili, mbele ya mke wangu: mahali hapa pasiguswe na rangi maishani mwangu.

Mke wangu kasema betri irudi kwa mwenyewe kesho, na kwa mdomo wangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nilipanga kuirudisha kimya kimya. Nimeinama chini ya boneti lake, nje ya nyumba yake, nikasikia salamu nyuma yangu: "Shikamoo kaka." Mwanyumba, na chai mkononi.

Alijua tangu Jumanne. Betri yake ina alama ya misumari pembeni. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba aliona kaka ana shida, na kaka hasumbuliwi. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Kisha akanipa spana yake, maana yangu imeliwa meno.

Spana yenyewe inang'aa. Mtu akikutukana unamjibu. Huyu nitamjibu nini?

Jumamosi, 14 Juni

Nimefika kliniki saa tatu. Mwanyumba alikuwepo tangu saa mbili na nusu.

Kitambaa kimefunguliwa. Mama mkwe akapepesa macho, akatutazama mmoja mmoja, akalia kidogo. Akanishika mkono mimi. Akasema, "Mwanangu, umeota mvi na sikujua." Kisha akasema atapanda gari langu, maana amesikia nimekesha nalo wiki nzima kwa ajili yake.

Kasikia kwa nani? Kwa mwanyumba! Hata ushindi wangu kanikabidhi yeye, na mto juu yake. Nimehesabu njiani: mama mkwe kaniita mimi mwanangu mara moja, mwanyumba mara mbili.

Nyumbani nikamfungulia boneti, aone kwa macho mapya. Alisifu rangi. Akasogea, akanyoosha kidole pale kwenye ile bolti ya waya mweusi, penye chuma kitupu. Akauliza kwa upole mbona hapo hapakumaliziwa.

Mwanyumba akatabasamu. Nilimwona.

Kopo la rangi lina robo. Brashi nimeiloweka. Kesho alfajiri, kabla hawajaamka.